Mkono Uliobaki Juu

Aliinua mkono.

Mwalimu wa kwenye video alikuwa ameuliza, "Tumeelewana?" Akanyamaza sekunde mbili hivi, akiitazama kamera. Kisha akasema, "Haya, twende mbele," akafuta ubao. Msichana wa dawati la tatu, mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwikoni, alikuwa bado ameunyoosha mkono wake kuelekea ukutani.

Hakuushusha haraka. Mwalimu wa video aliandika kanuni nyingine, akachora mshale mwingine, na mkono uko juu. Halafu akaukunja polepole, akashika kalamu, akaendelea kunakili.

Mimi nilikuwa nyuma ya darasa, nimeshikilia waya wa projekta uliokuwa unalegea. Mpaka dakika ile nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki lini mara ya mwisho niliipata. Tangu pale ni wiki ya saba, na mkono ule haujanitoka kichwani.

Tulivyofika pale

Sisi tuliosoma pamoja tuna kundi letu la WhatsApp, kama watu wote. Kwa kawaida ni misiba, harusi na salamu za asubuhi. Mwaka huu mmoja wetu aliandika kwamba shule ya kata ya kwetu, huko juu kwenye milima ya Uporoto, haina mwalimu wa Fizikia. Aliyekuwepo alihama. Kidato cha tatu wako sabini na kitu, na muhula wa kwanza ulikuwa unakwisha wakiwa na kurasa nne tu za daftari.

Tulichanga. Ikapatikana projekta, spika, kompyuta mpakato na betri ya sola. Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza kompyuta hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikapewa jukumu la kutafuta masomo mtandaoni, kuyapakua na kuyapeleka. Nilifanya hivyo usiku kwa usiku, kwa bando la usiku, maana somo moja la dakika arobaini lenye picha inayoonekana vizuri hula zaidi ya megabaiti 300. Nilichagua walimu wanaosifiwa, wenye sauti safi na ubao mweupe. Nilijaza diski nzima.

Safari mnaijua: Uyole, Isyonje, kisha unashika njia ya Kitulo. Nilipata pikapu iliyokuwa inafuata viazi, nikakaa nyuma juu ya magunia matupu na projekta mapajani, nimeifunika koti. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa saa nne asubuhi. Nilikuwa najiambia, leo watoto wa kule wanapata mwalimu yuleyule anayempata mtoto wa mjini.

Niliamini hivyo kabisa.

"Nilisahau"

Kengele ilipogongwa nilimfuata yule msichana. Alisimama, akatazama sakafu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pale ulipoinua mkono, ulitaka kuuliza nini?"

"Nilitaka arudie pale mwanga unapoingia kwenye maji. Sijaelewa kwa nini unapinda."

Nikamuuliza, bila kufikiri, kwa nini basi aliinua mkono.

"Nilisahau kama ni video."

Niligeuka kumtazama mwalimu aliyekuwa amekaa na darasa. Wanafunzi wanamwita Madamu, nami nitamwita hivyo. Alikuwa amepangiwa kukaa pale ili tu kuwepo na utulivu. Alinijibu kabla sijamuuliza. "Kaka yangu, mimi nimesomea Jiografia na Historia. Hapo hata mimi sikuelewa."

Nilishuka mlimani jioni ile na gari la mbao, na njia nzima sikuongea na mtu.

Video ileile, sebuleni kwangu

Binti yangu yuko kidato cha tatu pia, shule ya binafsi hapa mjini. Usiku ule nilimwekea somo lilelile. Akalitazama, akalisimamisha mara tatu, akarudisha nyuma mara mbili. Kisha akachukua simu ya mama yake, akamwandikia mwalimu wake wa tusheni. Jibu likaja kabla hatujamaliza kula.

Yeye hakuhitaji video ile. Ana mwalimu wa Fizikia shuleni, ana wa tusheni, ana maabara, ana mimi wa kununua bando. Kwake video ilikuwa kitu cha tano. Kule juu ilikuwa kitu cha kwanza na cha pekee, na tena inazungumza Kiingereza cha kasi kwa watoto ambao mpaka darasa la saba walifundishwa kila kitu kwa Kiswahili.

Nilikumbuka 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, na wengi wakarudi madarasani 29 Juni. Binti yangu alikuwa darasa la tano. Miezi ile mitatu alikuwa na vipindi vya televisheni, mazoezi yaliyokuja kwa WhatsApp, na shangazi yake mwalimu. Mtoto wa kaka yangu kijijini, umri uleule, alipanda viazi, akapalilia viazi, akachimba viazi. Shule zilipofunguliwa wote wawili walirudi darasa lilelile, lakini hawakuwa tena sawa hata kidogo. Wakati ule nililaumu ugonjwa. Sasa naona kwamba teknolojia nayo ilikuwa na mkono wake: ilimfuata aliyekuwa nacho ikamwongezea, na asiyekuwa nacho haikufika kwake kabisa.

Ndiyo hofu iliyoninyima usingizi. Kwamba kitu nilichokibeba kwa furaha juu ya magunia, kikiachwa peke yake, kinaweza kuupanua mwanya niliotaka kuuziba.

Skrini ya Chengdu

Kuna habari niliyoisoma miaka kadhaa nyuma, iliyonifanya nikubali jukumu lile haraka. Huko China, shule moja maarufu ya mji wa Chengdu ilirusha masomo yake moja kwa moja kwenda shule 248 za maeneo maskini na ya milimani. Mwaka 2018 gazeti moja la huko liliandika habari hiyo na nchi nzima ikaizungumzia. Watoto wa milimani, skrini ukutani, mwalimu bora wa mji. Niliiona Uporoto ndani yake.

Nikaitafuta tena, nikaisoma polepole, na safari hii nikaona mambo niliyoyaruka. Mwanzoni wanafunzi wengi wa vijijini hawakuweza kwenda na kasi ya wenzao wa mjini. Wengine walivunjika moyo vibaya. Wapo walimu wa vijijini waliojiona wametupwa pembeni. Na pale mambo yalipokwenda vizuri, palikuwa na mwalimu wa palepale, mguu kwa mguu na darasa: anajiandaa kabla, anajazia kilichopita haraka, anabaki na watoto jioni kupitia upya.

Skrini niliikumbuka miaka yote hiyo. Mwalimu aliyesimama kando yake nilimsahau.

Redio ya katibu

Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Nilipomsimulia habari ya mkono, aliniuliza, "Sasa nani alikuwa kiongozi wa kikundi?"

Sikumwelewa. Akanieleza habari ya Mtu ni Afya.

Wengi mmesikia jina hilo bila kujua ilivyokwenda. Ilikuwa 1973. Redio Tanzania ilirusha vipindi vya afya nchi nzima, na watu takribani milioni 2 walijiandikisha katika vikundi vya kuvisikiliza. Malaria, kuhara, kichocho, maji safi, vyoo. Mama alikuwa msichana, anajua kusoma, kwa hiyo walimpa kazi ya kusoma kijitabu kwa sauti.

"Redio ilikuwa ya katibu," akasema. "Moja tu, ya betri. Inawekwa juu ya kigoda, tunaizunguka. Ikishamaliza kusema inazimwa, betri isiishe. Hapo ndipo sisi tunaanza kusema."

Nikamwuliza, wakisema nini.

"Tunabishana! Mzee mmoja alikataa katakata habari ya mbu. Kiongozi wa kikundi akampeleka mpaka kwenye dimbwi nyuma ya nyumba yake, akachota maji na kikombe, akamwonyesha viluwiluwi. Wiki ile ile alilifukia."

Viongozi wale walikuwa wamepewa mafunzo kabla redio haijaanza kusema. Walikuwa watu wa palepale: walimu, makarani, mama mwenye kujua kusoma. Kijiji hakikuweza kuiuliza redio swali, lakini kiliweza kumwuliza kiongozi, na mwisho wa kikao waliamua la kufanya: tuchimbe vyoo, tufukie madimbwi. Mamilioni ya watu walijifunza kutoka kwenye chombo kisichosikia, kwa sababu aliyekaa nacho alikuwa anasikia.

Nilikaa jikoni kwa mama mpaka usiku. Miaka hamsini na ushee, na jambo hili tulikuwa nalo hapahapa. Mimi nilikwenda kulitafuta Chengdu.

Bakuli na sarafu

Wiki mbili baadaye Madamu alinipigia. Betri ya sola ilikuwa haishiki moto. Kabla hajakata simu nilimwambia kwamba nina mteja, mwalimu wa Fizikia wa hapa mjini, aliyekubali kusaidia. Kama ana swali lolote la wanafunzi, arekodi sauti amtumie. Alinyamaza, akasema, "Ninalo moja."

Madamu ana kishikwambi, kimoja cha vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Shuleni mtandao haushiki. Unashika kwenye mwinuko, chini ya miti ya milingoti, mwendo wa robo saa kwa mguu. Alipanda jioni, akatuma swali la yule msichana kwa sauti yake mwenyewe. Akasubiri kwenye baridi ile ya Juni mpaka jibu likashuka.

Jibu lilianza hivi, nimelisikiliza mara nyingi: "Madamu, achana na glasi. Tafuta bakuli lisilopitisha mwanga."

Nilikuwepo darasani siku iliyofuata, nimekwenda na betri. Madamu aliweka bakuli la bati juu ya dawati, akaweka ndani sarafu ya shilingi mia mbili. Akamwita yule msichana. "Rudi nyuma, endelea kurudi, mpaka usiione tena sarafu. Hapo simama, usisogee." Akasimama, shingo imenyooka, hamu imemjaa usoni. Mvulana mmoja akaanza kumimina maji kutoka kwenye jagi, taratibu, sarafu isisogee.

"Imerudi!" akapiga kelele. "Madamu, imerudi!"

Darasa zima likataka kujaribu. Zilikwenda dakika ishirini. Hakuna video ambayo ingewavumilia dakika ishirini.

Kisha Madamu akafanya kitu ambacho mwalimu wa mjini hakukisema kwenye rekodi, wala mwalimu wa video hakukijua. Akachora ubaoni barabara na kando yake tope. Akauliza, "Gari la viazi linatoka hapa kwenye njia ngumu, linaingia topeni kwa mshazari. Tairi gani linatangulia kupunguza mwendo?"

"La kushoto!" Wote. Hawa ni watoto wanaosukuma magari yale.

"Na gari linaelekea wapi?"

Mikono ikainama kushoto, sabini kwa pamoja.

"Basi mwanga nao mwendo wake majini ni mdogo. Hewani unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini kama 225,000. Ukiingia kwa mshazari, unapinda."

Ndipo akawasha projekta. Akaipeleka video mpaka pale pale palipomshinda kila mtu, akaisimamisha, akaandika maneno ya Kiingereza ya mtihani ubaoni, moja moja, akiyaeleza kwa Kiswahili. Mwalimu wa video alipouliza "Tumeelewana?" Madamu alibonyeza kitufe cha kusimamisha. Akageukia darasa. Akasubiri.

Mkono ukainuka. Mwingine safari hii, wa mvulana wa dirishani.

Ugomvi wa kwenye kundi

Nilirudi na pendekezo. Mchango wa pili, uliokuwa ununue projekta ya kidato cha nne, tuutumie kwa bando la Madamu kila mwezi, nauli ya kumleta mjini likizo akakae siku tatu na yule mwalimu wa Fizikia, na kompyuta ndogo, ile Raspberry Pi ya ukubwa wa kiganja, niijaze masomo kwa programu ya Kolibri ili walimu wayafungue kwenye vishikwambi vyao bila intaneti.

Kundi liliwaka. Projekta inaonekana, unaweza kuipiga picha. Bando la mwalimu utalipigaje picha? Mmoja akasema tutakuwa tunamlipa mtu mmoja. Mwingine, ambaye namheshimu sana, akanitumia habari ya Tanga: kwamba kati ya 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170, watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu, na baada ya miezi kumi na tano idadi ya wasiojua kusoma hata neno ilipungua kwa nusu. "Unaona?" akaandika. "Watoto wanaweza."

Sikulala vizuri usiku ule pia, maana habari ile ni ya kweli na ni kubwa. Niliisoma yote. Jibu langu lilikuwa hili, na mpaka leo nalisimamia: programu zile zilimsubiri mtoto. Akikosea zinarudia, akikwama zinamshusha hatua. Zilitengenezwa kwa lugha yake, kwa ajili yake, na kila mtoto alikuwa na chake mkononi. Video niliyopeleka mimi haikumsubiri mtu. Chombo kinachomsikia mtoto kwa namna yoyote ile, nakikubali. Kisichomsikia, lazima awepo mtu wa kusikia kwa niaba yake.

Tulipiga kura. Pendekezo lilipita kwa tofauti ya kura tatu.

Linalonisumbua bado

Madamu ana vipindi vyake vya Jiografia. Ana mtoto mdogo. Kupanda mlima jioni kufuata mtandao si kazi aliyoajiriwa kuifanya, na mimi ndiye niliyemwongezea. Akihamishwa kesho, kila kitu kinaondoka naye. Nililiona hilo hata nilipokuwa nashangilia kura tatu.

Kwa hiyo nasema wazi, asije mtu akaitumia makala hii kwa lingine. Shule ile inahitaji mwalimu wa Fizikia aliyesomea Fizikia. Inahitaji mnara wa simu. Sensa ileile iliyotupa vishikwambi ilituhesabu watu milioni 61 na ushee, na karibu theluthi mbili tunaishi vijijini. Haiwezekani elimu ya theluthi mbili itegemee huruma ya mwalimu mmoja chini ya milingoti. Tangu 2016 ada imeondolewa mpaka kidato cha nne, madarasa yamejaa, na hilo ni jema kabisa. Waliojaa humo wana mikono, na wanaiinua.

Nikipata nafasi ya kusema na yeyote anayepanga kupeleka kompyuta vijijini, swali langu litakuwa: mwanafunzi akikwama, swali lake linapita njia gani, linamfikia nani, na jibu linarudi siku gani?

Jumamosi

Sasa kuna daftari. Linakaa juu ya meza ya mbele, na yeyote anaandika swali lake bila jina. Ijumaa Madamu analipiga picha kurasa zote, Jumamosi asubuhi anapanda, zinaingia kwenye simu yangu nikiwa dukani. Nazipeleka kwa mwalimu wa Fizikia. Wiki ya kwanza yalikuwa manne. Wiki iliyopita yalikuwa kumi na tisa, na mawili yalikuwa ya Kemia.

Juzi mwalimu alipita dukani kuchukua kompyuta yake. Nikamsomea la mwisho la wiki hii, lililoandikwa kwa penseli, mwandiko mdogo uliobanana: "Kama maji yanaupunguzia mwanga mwendo, ukitokea upande wa pili kwenye hewa nani anaurudishia mwendo wake?"

Alikuwa ameshafungua mlango. Akaufunga, akarudi, akavuta kile kiti changu cha plastiki akakaa.

"Nani ameuliza hili?"

Nikamwambia hawaandiki majina.

Alichukua simu yangu, akalisoma tena mwenyewe, midomo ikicheza. Wateja wawili waliingia na kutoka.

"Mwambie Madamu nimelipata," akasema. "Lakini jibu lake nataka nikalitoe mwenyewe, palepale darasani. Gari la viazi linapanda siku gani?"